Siku 47 Sauzi kwa muhuri wa siku 30

Mtaani kwetu Mwanjelwa maneno yalishazunguka kwamba nilifukuzwa Sauzi, yaani Afrika Kusini, wengine wakaongezea chumvi eti nilikamatwa na unga. Sikufukuzwa jamani. Nilitoka kwa miguu yangu mwenyewe, mpakani nikapewa karatasi ya kunifungia mlango miezi 12, na kosa lilikuwa la kwangu, nilishindwa kusoma tarehe. Nimeamua niandike yote toka mwanzo maana haipiti wiki bila mdogo wangu fulani au shoga yangu kunipigia "dada nataka kwenda Sauzi kufuata mzigo, naanzia wapi", na kurudia kwenye simu nimechoka, vocha yenyewe yangu.

Mimi nauza nguo za kike na viatu Mbeya. Mwaka 2023 nikaona Kariakoo kila mtu anachukua mzigo uleule, nikawaza niende mwenyewe Johannesburg nikalete vitu ambavyo mtaani hamna. Nilikuwa na kama milioni nne, ila niseme ukweli, kwenye hiyo milioni nne milioni moja na laki tatu ilikuwa hela ya wateja walionipa oda. Hilo ni kosa la kwanza na ndilo lililoniuma kuliko yote, tutafika.

Kutoka Mbeya mpaka Tunduma ni kama kilomita 100, unapanda Coaster asubuhi kabla ya saa nne umefika. Siku hizi kile kituo ni cha pamoja, tangu 2019 Watanzania na Wazambia wanagonga sehemu moja, yaani ukiwa na pasipoti na kadi yako ya njano ya chanjo ni dakika chache tu. Shida haiko ndani, iko nje. Kabla hujashuka kwenye gari kuna vijana washakushika begi, mmoja anabadilisha hela, mwingine "dada nikupitishe haraka". Hao ni vishoka. Kupitishwa haraka huhitaji, foleni yenyewe ilikuwa ya watu sita. Mimi nilijifanya mjanja nikakataa wa kupitisha nikamkubali wa kubadilisha hela, akanihesabia kwacha mbele ya macho yangu, noti juu ya noti, halafu akasema ngoja nihesabu tena nisije nikakuibia dada yangu, akahesabu tena, akanikabidhi. Nilipofika upande wa pili nikakuta pungufu ya kwacha 400. Mwaka ule kwacha moja ilikuwa kwenye shilingi 120 na kitu, piga hesabu mwenyewe. Mchezo uko kwenye ile hesabu ya pili. Akishakuhesabia na hela iko mkononi mwako isirudi tena kwake, hata akikuambia mama yake anaumwa.

Nakonde, upande wa Zambia, utajiona kama bado uko nyumbani. Kiswahili kinaongewa, chipsi zilezile, bongofleva kila kona, cha tofauti ni saa ya simu tu maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Hapo ndipo unapoanza kujisahau na kwangu mimi ugonjwa wote ulianzia hapo. Ukienda Ulaya au China kila kitu kinakushtua, unatembea umekaza macho, hata bango la choo unalisoma mara mbili. Huku kusini watu wanafanana na sisi, ugali ni uleule, maneno nusu unayaelewa, basi unalegea, unaacha kuuliza, vitu unavisoma juujuu kama unavyosoma vya kwenu.

Basi la usiku Nakonde mpaka Lusaka ni kama kilomita elfu moja, mnapita Chinsali, Mpika, Serenje, mpaka Kapiri Mposhi pale reli ya TAZARA inapoishia. Wengi wananiuliza kuhusu treni. Mwaka ule treni ilikuwa rahisi kwa nauli na ulikuwa unaona nchi vizuri, ila ukipanda hukuweza kumuahidi mtu utafika lini, kwa hiyo kama una oda za watu panda basi. Chukua blanketi. Mwezi wa tano pale Mpika usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi mtu wa Mbeya baridi naijua.

Lusaka nilipoteza tiketi kwa ujinga ambao mpaka leo mume wangu akitaka kunitania anaanzia hapo. Nilikata tiketi ya Johannesburg pale stendi kuu, yule kaka akaniandikia 04 kwenye kikaratasi. Mimi nikasoma saa nne. Asubuhi nikaoga, nikanywa chai na maandazi, nikafika stendi saa nne kasoro na mabegi yangu mawili, nikatafuta basi, hamna. Kumbe 04 ni saa kumi ya alfajiri kwa saa zetu, basi lilishaondoka nikiwa nakoroma. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na wenzetu wote huku kusini wanahesabu kuanzia saa sita ya usiku, hilo nalijua toka darasa la tatu, ila nani anakumbuka darasa la tatu ukiwa stendi. Hela haikurudi, nikalipa tiketi nyingine kamili na gesti usiku mwingine. Tangu siku hiyo mtu akiniambia saa namuuliza, jua limetoka au bado?

Ile siku ya ziada angalau nilikula vizuri. Mama mmoja nyuma ya stendi aliniwekea nshima, ugali wao, na kapenta, nikaangalia kile kisahani nikacheka peke yangu maana kapenta ni dagaa wetu wa ziwa Tanganyika, walipelekwa kupandikizwa kwenye bwawa la Kariba miaka ya 60 wakazaliana. Nikamwambia mama hawa ni ndugu zangu, akaniongezea.

Lusaka kwenda Chirundu, mpakani na Zimbabwe, mnashuka milima mpaka bonde la Zambezi, joto linapanda kila mkiteremka kona, malori yamejipanga kama msiba wa kiongozi. Pale nako ni kituo cha pamoja, cha siku nyingi kuliko cha kwetu, tangu 2009. Zimbabwe pasipoti yetu haina shida, ila hela ya kule ni somo. Mwaka ule kila kitu unalipa dola za Kimarekani, na chenji hamna, unanunua maji ya senti 50 kwa noti ya dola moja unarudishiwa pipi au unaambiwa chukua maji mengine. Kwa hiyo nenda na noti za dola moja moja na tano tano, usiende na mia unatamba nayo. Pale basi liliposimama tule sadza, ugali wa kule, nilimwita dada mmoja mhudumu, "dada samahani", yule binti akanishangaa halafu akacheka na wenzake, abiria mwenzangu akanifafanulia kwamba kudada kwa Kishona ni kuringa. Yaani nilikuwa namuita mwenye maringo wakati nataka chumvi.

Sasa Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Sauzi. Tulifika usiku wa manane, basi zima watu wamechoka, watoto wanalia, na hapo napo vishoka, huyu alivaa koti la kung'aa kama mfanyakazi, akachukua randi 200 yangu akaniambia subiri hapa. Nilisubiri. Hakurudi. Nikaenda foleni na wenzangu kama nilivyotakiwa toka mwanzo.

Mtanzania Sauzi hahitaji viza ya kutembea, anaruhusiwa mpaka siku 90 kwa mwaka, na Wakenya nao wamepata hivyohivyo kuanzia Januari 2023. Kila mtu alishaniambia, siku 90, siku 90, imekaa kichwani kama jina langu. Lakini sikiliza neno "mpaka". Ofisa anakuuliza unaenda wapi, kwa nani, una shilingi ngapi, tiketi ya kurudi iko wapi, halafu yeye ndiye anaamua zako ni ngapi. Mimi sikuwa na tiketi ya kurudi. Akaniuliza unakaa muda gani nikajibu kwa kujiamini "wiki kadhaa". Akagonga. Nikachukua pasipoti, nikaona muhuri upo, nikaifunga, nikakimbilia basi. Ule muhuri una tarehe mbili, ya kuingia na ya mwisho wa kukaa. Niliona ya juu tu, 2023-05-10, wanaanza na mwaka. Ya chini ilisema 2023-06-09. Siku 30.

Sikuiangalia tena kwa siku 47.

Johannesburg nilifikia Yeoville kwa wifi yangu, mke wa binamu yake mume wangu, chumba kimegawanywa kwa mbao na pazia familia tatu mnapika jiko moja. Wabongo, Wakongo, Wanaijeria, Wazimbabwe, wote humohumo, Kiswahili cha Lubumbashi unakisikia mpaka sokoni. Wifi alinikaribisha vizuri ila siku ya tatu akaniambia kistaarabu kwamba wiki ya kwanza mgeni, wiki ya pili tunachangia, nikalipa randi 900 kwa sehemu yangu. Ni haki yake. Ukienda kwa ndugu weka hela ya kodi kwenye bajeti yako kabla hujaondoka, usingoje aibu.

Mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa balaa, walikuwa wanauita kwa hatua, hatua ya 6 maana yake umeme unakatika mara kadhaa kwa siku, saa mbili mbili mpaka saa nne mfululizo. Ratiba ipo kwenye simu. Wifi alikuwa anaamka saa tisa ya usiku kupika maana ndio umeme upo.

Usafiri wao ni teksi, ni daladala zetu tu ila hakuna konda. Unasimama barabarani unaonyesha kidole, kidole juu unaenda mjini, kila safari ina ishara yake, ukikosea inakupita. Ukishapanda nauli inatoka nyuma inapita kwa kila mtu mpaka mbele, na anayekaa mbele pembeni ya dereva ndiye anahesabu na kurudisha chenji. Siku ya kwanza nilikaa mbele nione mji. Nikaanza kupokea mihela, watu wawili hapa, watatu kule, huyu katoa mia anataka chenji, wanaongea Kizulu, dereva ananikazia macho, jasho linanitoka, mwisho randi 15 ilipungua nikaiweka ya kwangu yaishe. Usikae mbele. Na ukitaka kushuka kwenye taa za barabarani wao wanaziita roboti, unasema baada ya roboti, ukisema taa hakuna atakayekuelewa.

Halafu wananiita "sisi". Muuza mboga, "sisi, njoo". Mlinzi, "sisi, begi". Mimi siku mbili za mwanzo nageuka nyuma kuangalia nani na nani, maana niko peke yangu, sisi gani tena. Kumbe ni dada. Nilipenda sana hilo neno mwanzoni, nikaona kama wananihesabu mmoja wao. Wifi akaniambia usijidanganye, wanakuita sisi mpaka siku wasikuite. Na kweli, miaka ya nyuma watu wetu wamepitia mambo, 2008 waliuawa zaidi ya watu 60 kwenye zile vurugu zilizoanzia Alexandra, 2015 Durban, 2019 tena Johannesburg maduka ya wageni yakachomwa. Nilipokuwepo mimi vikundi vya kupinga wageni vilikuwa vinaandamana, Operation Dudula wenyewe, na siku wakisema wanapita wifi alikuwa anafunga meza yake ya nywele mapema, hatoki. Mimi binafsi sikuguswa na mtu. Nilichofanyiwa ni kuporwa simu, mchana, nimeshika nasoma ramani katikati ya mji, na hilo hata Manzese linatokea.

Ila cha kutembea na pasipoti mfukoni niliacha. Nilikwenda kituo cha polisi nikagongewa kopi muhuri, ni bure, hawalipishi, halafu orijino ikafungiwa kwenye sanduku la wifi. Ndiyo, ile orijino yenye tarehe ya chini. Na ukiiangalia ile kopi, ni ukurasa wa picha tu. Laiti ningekopi na ukurasa wa muhuri yule polisi huenda angeniambia mama siku zako zinaisha.

Mzigo nilichukua mtaa wa Jeppe, pale kwa Wahabeshi, majengo marefu yamejaa vibanda ndani kwa ndani, nguo, viatu, mabegi. Fika asubuhi. Beba hela kidogo kidogo, hela ya banda la tatu usiitoe kwenye banda la kwanza. Magauni niliyonunua randi 110 niliuza Mbeya elfu 35, viatu vilinilipa zaidi. Na kitu ambacho sikujua, mgeni akinunua vitu vya zaidi ya randi 250 akavitoa nje ya nchi anaweza kudai kurudishiwa ile VAT ya asilimia 15 mpakani, lakini lazima uwe na risiti halali ya kodi. Vibanda vingi hawakupi hiyo. Wanaonunua kwenye maduka makubwa waidai, mimi niliacha kama randi 700 hivihivi kwa viatu vya dukani nilivyotupa risiti zake.

Kwa nini nilikaa siku 47 wakati nilipanga wiki tatu? Mzigo wa kwanza niliutuma nikauza kwa simu kupitia mdogo wangu, ukaisha wiki moja, tamaa ikaingia, nikaagiza watu watume hela nichukue wa pili. Moyoni nasema nina siku 90 bwana, haraka ya nini.

Tarehe 26 Juni nafika mpakani narudi, nimebeba mabegi manne, nina furaha, nimewanunulia watoto wangu jaketi. Yule mama wa dirishani akafungua pasipoti, akaangalia, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani. Hakufoka. Aliniuliza taratibu, unajua umezidisha siku 17? Nikamwambia mama nina siku 90. Akageuza pasipoti akaniwekea kidole chini ya ile tarehe ya pili. Nilisikia masikio yanawaka. Nikalia pale, sitaki kudanganya, nikalia kama mtoto na watu nyuma kwenye foleni wananitazama. Akanipa karatasi nisaini, akanifafanulia: ukizidisha siku zisizofika 30 unafungiwa miezi 12, ukizidisha zaidi ya 30 ni miaka mitano. Akaniambia kitu kingine pia, kwamba ninaweza kukata rufaa kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi na vielelezo vyangu. Nilimsikia, lakini nilikuwa nalia.

Ile karatasi niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Safari ya siku nne, nikafika nyumbani nimechoka, wateja wamejaa, nikaanza kuuza. Niliikumbuka baada ya wiki tatu nilipokuwa natafuta risiti. Nikaisoma vizuri, kila mstari, pale ndio siku 10 zikanipiga usoni. Zilishapita. Sijui kama ningeshinda, sikuwa mgonjwa, basi halikuharibika, sababu yangu ilikuwa sikusoma. Lakini hata kuandika barua sikuandika.

Halafu oda. Kabla sijajua nilishapokea laki nane za watu nikiwaahidi mzigo wa Agosti. Nikalazimika kumpa dada mwingine aende kwa niaba yangu, akachukua faida yake, akachukua na nauli yake, saizi akakosea, viatu namba 36 pea kumi na mbili, nani Mbeya anavaa 36? Wateja wawili niliwarudishia hela kwa kukopa kwenye kikoba. Mmoja mpaka leo tukikutana kanisani anaangalia pembeni. Ukijumlisha kishoka wa Tunduma, wa koti, tiketi ya Lusaka, simu, na hiyo ya oda, nilipoteza si chini ya milioni moja na nusu, na faida ya safari nzima ilikuwa milioni mbili na kidogo.

Miezi 12 ilipita. Agosti 2024 nikarudi, mume wangu hakutaka ila alinisindikiza mpaka Tunduma. Kwacha nilibadilisha dukani kwa risiti. Lusaka niliandikiwa 05 nikafika saa tisa usiku nikalala juu ya mabegi. Zimbabwe nikakuta wana hela mpya inaitwa ZiG ila dola bado inakubalika, noti zangu za moja moja zikanifaa. Wifi alinitumia barua ya mwaliko na anwani, tiketi ya kurudi nilikuwa nayo kwenye bahasha pamoja na kadi ya njano.

Beitbridge dirishani ni kijana. "Sisi, unakaa muda gani?" Safari hii sikusema wiki kadhaa. Nikamwambia siku 18, nikamwonyesha tiketi. Akagonga. Nikafungua pasipoti palepale, foleni nyuma inaguna, nikatafuta tarehe ya chini nikahesabu kwa vidole. Alinipa 21. Nikatoa biki nikaandika tarehe yenyewe kwenye kiganja cha kushoto, na hiyohiyo nikamtumia mume wangu kwa ujumbe, akajibu "na saa uliyosoma ni ya wapi?"

Umeme wifi aliniambia mgao ulikuwa umesimama tangu mwezi wa tatu mwaka ule. Nilirudi siku ya 17.